Neno la Nne

Mtu akiniuliza leo namna onyo la tsunami linavyosafiri kutoka chini ya bahari ya mbali mpaka mlangoni kwa mtu wa mtaani kwetu, namweleza bila kukwama, na nikipewa beseni la maji namwonyesha kabisa. Njia yote naijua. Kinachonishinda kueleza ni kipande chake cha mwisho, cha kutoka uwanja wa shule mpaka kwenye pagala la juu, mwendo wa robo saa kwa miguu. Kipande hicho nilipewa mimi, na mimi ndiye niliyekiharibu.

Mtaa wetu uko pwani ya Kinondoni, ukishaipita Kunduchi, bahari upande mmoja na kijito cha mikoko upande wa pili. Mimi si mzaliwa wa hapo. Nimezaliwa Chang'ombe, kwenye kelele za karakana, nikaletwa pwani na ndoa, na kwa miaka mingi wenyeji walinihesabu mgeni hata nilipokuwa nimeshazaa na kulea kwao. Ndiyo maana kamati ya maafa ya mtaa ilipoundwa, na mwenyekiti akatafuta katibu anayejua kuandika upesi, nilinyanyua mkono kabla hajamaliza kusema. Sikatai, nina kiherehere. Walinikabidhi reflekta ya kijani inayong'aa, spika ya mkononi yenye king'ora, na kaunta buku la kuandikia muhtasari. Ile reflekta nilikuwa naivaa hata nikienda gengeni kununua nyanya.

Mwalimu aliyetumwa kutufundisha alikuwa kijana mpole aliyejua kazi yake. Aliomba beseni, akalijaza maji, akamwambia mwenyekiti alishike juu, halafu akaligonga kitako kwa ngumi. Maji yakatikisika yakafika ukingoni na kumlowesha mwenyekiti suruali. Tulicheka, lakini tulielewa. Ardhi ya chini ya bahari ikishtuka, maji yote yaliyo juu yake hushtuka nayo. Huko upande wa visiwa vya Indonesia ndiko inakoshtuka mara nyingi. Mashine zilizochimbiwa ardhini husikia mtikisiko ule ndani ya dakika chache tu, na vituo vikubwa vya nchi zinazopakana na bahari hii vinapiga hesabu: limetokea wapi, kina gani, kubwa kiasi gani. Kisha vinatuma taarifa kwa kila nchi. Kwetu wanaipokea watu wa hali ya hewa, ambao chumba chao hakifungwi usiku wala sikukuu. Wakiona inatuhusu wanawaambia watu wa maafa wa taifa, hao wanauambia mkoa, mkoa wilaya, wilaya kata, kata mtaa.

"Na mtaa," akasema mwalimu akinielekea, "ni dada katibu."

Nilijinyoosha kwenye kiti kama bibi harusi.

Alitwambia wimbi la kutoka kule lina safari ndefu. Tetemeko likitokea wakati wa chai ya asubuhi, maji yatafika kwetu kwenye alasiri. Katikati ya njia kuna vipima maji, vingine vinaelea bahari kuu, vingine vimefungwa visiwani na bandarini, na hivyo ndivyo vinavyosema kama wimbi lipo kweli au ardhi ilitikisika bure. Kwa hiyo muda upo, ila unaliwa na watu wanaopokezana taarifa. Na kama nchi ikitikisika hapahapa kwetu, au bahari ikijivuta ghafla na kuacha samaki wakirukaruka mchangani, tusingoje simu ya mtu yeyote.

Kulikuwa na ubishi wa chombo cha kutangazia. Mtu mmoja alisema tutumie spika za msikiti, wazee wakamcheka. Kwetu spika ya msikiti ikisema nje ya saa ya swala maana yake ni moja, kuna msiba. Na msikiti wetu uko hatua chache kutoka majini. Wanawake wangejifunga khanga wakashuka wote chini kuulizana nani kafa, badala ya kupanda. Tukakubaliana: spika ya mkononi, simu, na miguu ya watu.

Halafu mwalimu akatufundisha maneno manne, tuyaseme yote kwa pamoja kama watoto wa madrasa. Taarifa. Tahadhari. Ondokeni. Yamekwisha. Alisema watu wengi hulidharau lile la nne, na ndilo linaloua, kwa sababu wimbi haliji moja. La kwanza linaweza kuwa dogo, watu wakashuka kuokota samaki, la pili likawakuta. Kwa hiyo asishuke mtu mpaka aambiwe, na amwambie yuleyule aliyemwambia apande. "Mdomo uliompeleka ndio umrudishe," alisema. Niliyaandika maneno hayo kwenye kaunta buku na kuyapigia mstari mara mbili.

Shangazi alikuwa amekaa mbele kabisa. Ni shangazi wa mume wangu, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, mwenye goti bovu na nyumba ya mwisho kabisa upande wa bahari. Miaka mingi nyuma, siku ile bahari yetu ilipochafuka mwisho wa mwaka, ikajivuta na kurudi, mwanawe wa mwisho alikuwa akiogelea na wenzake. Wenzake walirudi. Shangazi alikuwa haongei sana habari hiyo, lakini siku ya mafunzo alimwuliza mwalimu swali moja tu.

"Siku ile," akasema, "huko kwengine walijua kabla maji hayajafika kwetu?"

Mwalimu akasema ndiyo, tetemeko lilijulikana saa nyingi kabla, ila wakati ule hapakuwa na njia hii ya kupokezana.

"Yaani mwanangu angeambiwa, angetoka."

Shangazi akasema basi yeye anataka nyumba tano za mstari wa bahari, atazigongea yeye. Goti likamfanya mtu mmoja agune, lakini mwenyekiti akamwandika. Toka siku hiyo, nikipita kwake namkuta anawauliza majirani zake, wewe ukisikia nagonga mchi kwenye sufuria unafanya nini? Wasipojibu vizuri anawarudisha tena.

Kwa ajili ya nyumba hizo tano kulikuwa na kituo cha peke yake. Watu wengi walipangiwa uwanja wa shule, tulioita Kituo A, lakini ili ufike huko kutoka mstari wa bahari inabidi uvuke kijito, na maji ya tsunami hupenda kupanda na vijito. Kwa hiyo wao walipewa Kituo B, kwenye mwinuko ambako mtu mmoja alianza kujenga akakwama, limebaki pagala la tofali bila paa. Msimamizi wa Kituo B nilikuwa mimi. Nilimwambia shangazi kwa mdomo wangu, tena nikiwa nimevaa reflekta, "Ukishapanda usishuke mpaka nije mie mwenyewe."

"Hata kukinyesha?"

"Hata kukinyesha."

"Haya, mwanangu. Nimekusikia."

Siku ya zoezi ilikuwa Jumamosi ya jua kali. Saa tatu asubuhi simu ya kata ikaingia, nikapuliza king'ora, nikapita na spika mtaa mzima nikisema ondokeni, hili ni zoezi, ondokeni. Nilishuka mpaka mstari wa bahari. Sikuwa na haja. Shangazi alikuwa keshagonga sufuria na watu wake walikuwa njiani, yeye nyuma yao na mkongojo, khanga moja kichwani na chupa ya maji mkononi. Wengine walikuwa na kazi zao, wakapanda, wakaonekana, wakaandikwa, wakaaga. Waliobaki pagalani ni yeye na jirani zake watatu, wanawake ninaojuana nao vizuri. Niliwahesabu, nikaandika, nikakimbilia Kituo A.

Nilikimbilia kwa sababu kulikuwa na mgeni rasmi.

Anayetoka nchi nyingine huenda asielewe. Kwetu shughuli haiwi shughuli bila mgeni rasmi, na akishatajwa mgeni rasmi, shughuli yenyewe inakuwa yake. Turubai liliwekwa kwa ajili yake, viti vya plastiki vikavalishwa vitambaa, na sufuria mbili za pilau zikapikwa nyuma ya darasa. Ratiba ilisema atafika saa sita, sie tukiwa tumeshamaliza zoezi na kurudisha watu. Alifika saa nne na nusu. Ana shughuli nyingine Gongo la Mboto, tukaambiwa, hawezi kukaa. Mwenyekiti akanijia mbio, jasho likimtoka, akaniambia risala isomwe sasa hivi.

Risala niliiandika mimi. Niliikeshea siku tatu. Nilisimama mbele ya mgeni rasmi nikaanza kuisoma, na nilikuwa nimefika kwenye aya ya mafanikio wakati simu ilipotetemeka kwenye mkoba. Nilijua ni kata. Nilijua ni lile neno la nne, maana saa yake ilikuwa imefika. Niliingiza mkono mkobani nikaikata, bila kuinua macho kwenye karatasi. Baadaye kidogo mshereheshaji alilitangaza mwenyewe jukwaani, kwamba zoezi limekwisha, watu wakapiga makofi. Kituo A kilikuwa kimeambiwa. Kituo B hakina masikio ya kusikia makofi.

Nilikumbuka. Nasema hivi kwa sababu watu wengine wangesema walisahau kabisa, na mimi mwenyewe niliwahi kujidanganya hivyo. Nilikumbuka, nikasema nikishapiga picha nitakwenda. Kwenye foleni ya picha nikawaona wale wanawake watatu wa pagalani wameshika sahani za pilau, wamekaa kivulini, wanakula. Moyo ukatulia. Nikasema Kituo B wamesharudi. Sikuwasogelea, sikuwauliza. Nikafungua kaunta buku, nikatia tiki kwenye Kituo B, nikaandika, wamerudi wote salama. Kisha nikakaa mstari wa mbele, karibu na mgeni rasmi, na reflekta yangu. Picha ile ingali ukutani ofisi ya mtaa. Kila nikiingia mle naangalia sakafu.

Saa nane binti wa shangazi alinipigia kutoka Chamazi anakoishi na mumewe.

"Wifi, mama hapokei simu. Yuko wapi?"

Nilikuwa na tonge mdomoni. "Yupo, wifi. Kala pilau, kashiba, kalala."

"Ahsante wifi, nilikuwa na wasiwasi na lile goti."

"Ondoa wasiwasi."

Sikuwa nimemwona. Nilisema tu, kama mtu anavyomtuliza mtoto anayelilia pipi, na nilivyokuwa mtamu wa maneno hata usingizi nikamtungia. Nikarudi kwenye kuhesabu sahani.

Baada ya alasiri nilimfungia shangazi pilau kwenye hotpoti, nikashuka nalo kwake. Nilitaka anisifie. Mlango ulikuwa na kufuli. Niliita, nikazunguka uani, nikakuta sufuria na mchi vimeachwa kizingitini kama alivyoviacha asubuhi. Niliweka hotpoti chini nikaanza kupanda, kwanza kwa haraka, halafu mbio, reflekta ikinipigapiga tumboni.

Alikuwa amekaa juu ya tofali, pale penye ufa wa ukuta ambao asubuhi ulikuwa na kivuli. Kivuli kilishaondoka zamani. Chupa ya maji ilikuwa tupu, imelazwa. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kamba za ndala zimezama kwenye nyama. Khanga ameivuta mpaka kwenye nyusi, na tasbihi inapita vidoleni, punje moja, punje nyingine. Alikuwa pale tangu saa tatu. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba, mwanangu." Midomo yake ilikuwa imekauka, ilishikana. "Yamekwisha?"

"Yamekwisha."

"Watu wote wazima?"

"Wazima."

"Alhamdulillahi." Akapumua. "Tangu saa ngapi?"

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu. Hapakuwa na mwenyekiti, wala mgeni rasmi, wala mshereheshaji, ila mimi na yeye. Badala yake mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Tangu saa tano. Nilikuja, shangazi, nikakukuta umelala. Nikaona nikuache upumzike."

Aliitazama reflekta, halafu akanitazama usoni, muda wa kutosha punje tatu za tasbihi kupita.

"Basi nitakuwa nimelala," akasema.

Akanyoosha mkono nimnyanyue. Tulishuka polepole, yeye amenishika bega, na njia nzima aliniuliza habari za mgeni rasmi, alisemaje, alivaaje.

Alilala kitandani wiki nzima, kichwa kinamgonga, miguu haikanyagi. Wifi alikuja kutoka Chamazi, akamgombeza mbele yangu. "Mama, unalalaje juani kama mtoto? Wenzio wamerudi, wewe umelala!" Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la uji; ile habari ya pilau nilishamwambia kwamba nilimfananisha mama yake na mtu mwingine. Shangazi akasema uzee, mwanangu, usingizi unamchukua mtu bila hodi. Akaupokea uji kwangu, akanywa, akaniombea dua. Angenitukana ningepona. Nilikwenda nyumbani nikajifungia chooni nikalia, halafu nikanawa uso nikamwambia mume wangu ni moshi wa jikoni.

Kwenye kikao cha tathmini mwalimu alisoma taarifa yangu. Niliandika kwamba mshiriki mmoja wa Kituo B alichelewa kurudi kwa sababu ya usingizi. Wajumbe walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu mmoja akasema huyo kweli ana imani, tsunami inakuja yeye anakoroma. Siku hiyohiyo akapewa jina, Bi Usingizi, na jina kwetu halisubiri wiki. Shangazi alikuwa mlemle chumbani, amekaa mbele kama kawaida yake, akacheka nao akiutengeneza mtandio. Kisha mwenyekiti, kwa upole kabisa, akasema nyumba tano za mstari wa bahari hazifai kuachiwa mtu anayeweza kusinzia. Wakampa mwenye duka la barafu, kwa kuwa ana simu kubwa na miguu mizima.

Shangazi akasema, "Hamna neno. Muhimu watu waambiwe."

Mwalimu aliuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika kwenye muhtasari: hakuna. Nilimnyang'anya mama aliyefiwa kazi pekee aliyoiomba kwa ajili ya mwanawe, na nikaitia nukta.

Ramadhani mbili zilipita. Nilijifunza kuizunguka nyumba yake, nikipitia kwa nyuma kwenye minazi. Futari ilipokuwa ikizunguka mtaani, wale wanawake watatu waliniletea mihogo ya nazi na tambi kama kawaida, na wakiniletea walikuwa wakimtaja Bi Usingizi na kucheka. Nilicheka nao.

Kisha, asubuhi moja nikiwa nachambua mchele, simu ya kata ikalia, na safari hii halikuwa zoezi. Kumetokea tetemeko kubwa mbali, upande uleule wa siku zote. Neno lilikuwa la pili, tahadhari: wimbi halijathibitishwa, vipima maji vinaangaliwa, lakini watu wote watoke ufukweni na mstari wa bahari mpaka ijulikane. Nilivaa reflekta. Nikampigia mwenye duka la barafu. Haipatikani. Nikampigia tena. Nikapiga ya nyumbani kwake, mkewe akapokea, akasema kaenda Kariakoo tangu alfajiri.

Nilishuka mstari wa bahari mbio na spika, nikipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Nyumba ya kwanza kufuli. Ya pili kufuli. Zote tano zilikuwa zimefungwa, jiko moja likiwa limemwagiwa maji, bado linafuka. Bahari ilikuwa shwari kabisa, na utulivu ule ndio ulionitisha zaidi.

Nikapanda pagalani. Walikuwepo wote, watu wa nyumba tano, na watoto wao, na kuku wawili kwenye tenga. Shangazi yuko kwenye tofali lake, sufuria na mchi pembeni. Wifi alisikia habari redioni kule Chamazi akampigia mama yake, na mama yake hakungoja kamati.

"Umeleta neno gani?" akaniuliza.

"Tahadhari, shangazi. Tungoje."

"Tutangoja."

Nilimpigia mwenyekiti nikamwambia Kituo A akisimamie yeye, mie siondoki hapa. Jua likapanda. Saa sita watoto wakaanza kulia njaa, na baba mmoja akasema ardhi imetikisika huko Uarabuni sijui wapi, sie tunakaushwa hapa kama ng'onda, ashuke achukue unga tu arudi. Shangazi akamwambia kaa, mwenye neno yupo na hajasema. Mmoja wa wale wanawake watatu alikuwa akimenya chungwa.

"Bi Usingizi," akasema, "leo usilale, bibi wee. Katibu asije akakupita tena."

Watu wakacheka. Na kwa mara ya kwanza tangu jina lile lizaliwe nilitazama macho ya wanaocheka, nikaona hayakuwa kwa shangazi. Yalikuwa kwangu mimi. Sijui kwa nini nilikuwa sijawahi kuyatazama. Uso uliniwaka moto, nikajua nisiposema sasa nitakufa nalo.

"Siku ile shangazi hakulala," nikasema. Spika nilikuwa nayo mkononi, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo. "Mie sikuja. Simu niliikata, nikapiga picha, nikala pilau. Kisha nikamwambia uongo mbele ya uso wake."

Hakuna aliyeshtuka. Yule mwanamke aliendelea na chungwa lake.

"Tunajua," akasema. "Sie si ndio tuliomwacha hapa, yu macho, anavuta tasbihi? Tulimwambia twende, kunanukia pilau. Kasema hashuki mpaka uje. Wewe ulituona kivulini, hukuuliza kitu, ukatia tiki yako."

"Mbona hamkusema?"

"Yeye katukataza. Kasema neno lina mwenyewe, atalileta mwenyewe."

Nikaikumbuka mihogo ya futari, sahani baada ya sahani, na mikono iliyonipokea kwenye misiba na harusi, yote ikijua. Nilitamani ardhi ya hapahapa ndiyo ishtuke, inifunike. Nilimgeukia shangazi. Alikuwa akitazama bahari kupitia dirisha lisilo na fremu.

"Hilo limefika," akasema, bila kugeuka. "La bahari je?"

"Bado, shangazi."

"Basi kaa."

Nikakaa chini, penye ule ufa wa ukuta, na jua likanikuta pale lilipomkuta yeye. Saa nane na nusu simu ikalia. Vipima maji vya visiwani vimesomwa, hakuna wimbi, watu warudi. Niliisikiliza mpaka wa kata alipokata yeye. Nikasimama, nikalisema neno la nne kwa spika, kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Hakuna aliyenyanyuka. Walimtazama shangazi.

"Umelisikia kwa sikio lako?" akaniuliza.

"Nimelisikia kwa sikio langu, shangazi."

Akaweka tasbihi kifuani, akawaambia watu haya, tushukeni, na ndipo wote wakasimama.